Fundi Sikio na Kamera Kumi na Moja za Rafu ya Juu

Jamaa, majirani, na ninyi mliokuja kwa sababu mmeona watu wanakuja: poleni kwa msiba, na asanteni kwa kufika. Mimi ni binti wa kwanza wa marehemu. Baba mdogo amenipa heshima ya kusoma wasifu wa kaka yake. Wasifu wenyewe ameuandika yeye, akaupeleka kuchapwa Jumatano, na ndio mlio nao mikononi kwenye programu. Nimeusoma mara tatu. Umeandikwa vizuri, una koma mahali pake, na sitausoma.

Mwenye programu aikunje ajipepee nayo, maana jua ni kali. Nitakaosoma ni huu wa kwangu, nilioandika jana mchana kwenye meza ya kazi ya marehemu. Nitafuata mpangilio uleule wa baba mdogo, yaani kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, ugonjwa na kifo, asije akasema nimemvurugia shughuli. Lakini palipotiwa chumvi nitapunguza. Na kuna mstari mmoja, ukurasa wa tatu, juu kidogo ya ratiba ya kuweka mashada, unaosema marehemu alikuwa fundi wa mwisho wa kamera na kwamba "hakuacha mrithi wa kazi yake." Mstari huo ndio ulionishikisha kalamu. Nitaufikia. Baba mdogo, endelea tu kukaa, bado sana.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 17 Agosti 1946, katika nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha viberiti, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa mlinzi wa ghala na mshona nguo. Programu inasema 1948. Baba mdogo amejipunguzia miaka miwili tangu alipooa mara ya pili, na ikabidi kaka yake naye apunguzwe ili pengo kati yao libaki lilelile. Cheti cha kuzaliwa ninacho hapa kwenye mkoba kwa anayetaka kukiona.

Jina la Sikio alipewa na mama yake. Alikuwa na miaka sita au saba, anacheza uani, bibi yuko ndani na cherehani yake, mara mtoto anapaza sauti kutoka nje: "Mama, sindano imepinda!" Bibi anaangalia, kweli imepinda. Baadaye akawa anaweza kutaja ni mashine ipi ya kiwandani itakayosimama wiki hiyo, kwa mlio tu. Hadi uzee wake wateja walimwita Fundi Sikio, na wengi wenu hapa hamkujua jina lake lingine mpaka mlipoliona kwenye jeneza.

Kuhusu shule, programu inasema "alihitimu kwa heshima zote." Hakuhitimu. Mwezi Machi 1960, akiwa na miaka kumi na mitatu, aliichoka saa ya ukutani ya mwalimu mkuu, iliyokuwa inachelewa dakika kumi kila siku. Wakati wa mapumziko akaingia ofisini, akaishusha, akaifungua yote juu ya dawati, akaifunga. Skrubu moja ikabaki mkononi. Saa ikaenda sawasawa tangu siku hiyo mpaka jengo lilipobomolewa. Mwalimu mkuu alimchapa viboko sita na kumrudisha nyumbani wiki mbili, na yeye hakurudi tena. Ile skrubu aliiweka kwenye kichupa cha dawa juu ya meza yake ya kazi. Kila mteja mpya alionyeshwa. "Hii," anasema, "ndiyo iliyokuwa inaichelewesha." Ulikuwa mzaha wake pekee, na kwa miaka kumi na saba niliucheka kwa sababu nilikuwa binti yake.

Tukija kwenye kazi, mwaka 1961 alichukuliwa kuwa msaidizi kwenye studio ya picha, kufagia na kuchanganya dawa. Kwenye chumba cha nyuma alikaa fundi mzee wa kamera ambaye macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono, na marehemu akawa macho yake. Miaka kumi alikaa hapo. Tarehe 2 Februari 1971 alifungua karakana yake mwenyewe, chumba kimoja juu ya duka la viatu, ngazi kumi na tisa, dirisha moja kubwa, meza moja ndefu na rafu tatu. Hakuhama hapo mpaka alipopelekwa hospitali.

Hapa sitampunja. Alichokijua kuhusu vyuma hakuna aliyekijua, na alikijua kwa vidole.

Kamera mpya, alisema, ni kundi la vyuma visivyojuana. Kila gia imetoka kiwandani na vikwaruzo vya kukatwa, vidogo hata jicho halivioni, na ukivuta ule wenzo wa kusogeza filamu unavisikia vinagombana chini ya kidole. Unapiga picha elfu moja, elfu mbili. Vikwaruzo vinasagika. Meno ya gia yanapatana. Wenzo unaanza kuteleza, na shata, kile kipazia kinachofungulia mwanga, kinafunguka kwa mlio mmoja usio na kikohozi. Kwenye pembe za kamera rangi nyeusi inachubuka na shaba inachungulia. Mtu asiyejua anasema kamera imechakaa, marehemu anasema ndiyo kwanza imeanza kufaa.

Lakini kuna kulainika na kuna kulika, na alivitenganisha kwa ukucha wa kidole gumba. Unaupitisha juu ya chuma polepole. Ukipita bila kukwama, chuma kimelainika, kiache hapohapo. Ukinasa kwenye mfereji, kimelika, kitoe. Na hakuamini kwamba matumizi ndiyo adui wa kamera. Adui wake ni kabati. Kamera iliyofungiwa, grisi yake inaganda kama gundi, kipazia kinashikana, na baada ya miaka miwili mitatu ukibonyeza kitufe hupati kitu, au unapata nusu ya picha. Ndiyo maana kamera inayokaa bila kazi ni lazima ibonyezwe mara kwa mara, hata kama haina filamu. Shikeni hilo, nitalirudia.

Huo ndio ulikuwa upole wake wote, na wote aliumalizia mezani. Programu inasema "alikuwa mtu wa watu." Baba mdogo, hapo umemvika kaka yako kilemba cha ukoka. Mtu akipanda zile ngazi kumi na tisa, anahema, anasema shikamoo fundi, marehemu ananyoosha mkono kupokea kamera na salamu inaning'inia hewani. Mwandishi mmoja wa gazeti aliyeangusha kamera mara mbili kwa mwezi aliambiwa mbele ya mkewe, "Wewe hata ungepewa jiwe ungelivunja." Mnaolia hapo mbele, wanne kati yenu mliwahi kunieleza kwa midomo yenu maneno aliyowaambia. Nayakumbuka, ila leo nitawasitiri.

Tarehe 10 Januari 1994, nikiwa na miaka kumi na minane, nilianza kazi kwenye karakana hiyo. Programu inasema "watoto wake walimsaidia mara kwa mara." Hiyo mara kwa mara ni miaka kumi na saba, siku sita kwa wiki, na watoto hao ni mimi, kwa sababu mdogo wangu alipanda ngazi zile siku ya kwanza, akaambiwa mikono yake inatoka jasho, akashuka, akaenda kuwa dereva wa malori, na ndiye mwenye akili kuliko sisi wote.

Karakana ilikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza ni tone. Kila anayefunga kamera anaweka tone la rangi juu ya skrubu mbili za kifuniko cha chini. Tone linazuia skrubu isilegee, na pia ni ushahidi, kwa sababu huwezi kufungua kifuniko bila kulipasua. Tone lake lilikuwa jeusi. Langu lilikuwa rangi ya kucha ya mama, zambarau, maana ndiyo niliyoikuta nyumbani siku ya kwanza, na ikabaki hivyo miaka yote. Kanuni ya pili ni kwamba kamera ikirudi na malalamiko, anaipokea yeye na kuifungua yeye. Kwa hiyo kamera niliyoifunga mimi, ikishuka ngazi, sikuishika tena.

Mwezi Aprili 1999 mpiga picha wa harusi alileta kamera yake. Shata ilikuwa inachelewa kwenye kasi za chini. Baba alikuwa na kazi ya gazeti, akanisogezea. Nikafungua, nikaona gia ya kasi za chini inang'aa, meno yake yamekuwa mviringo. Kwenye droo kulikuwa na gia mpya kabisa, bado iko ndani ya karatasi yake. Nikaona heri mpya. Nikaitoa ya zamani, nikaweka mpya, nikafunga, nikaweka tone. Sikupitisha ukucha.

Ile gia ya zamani haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa imelainika pamoja na wenzake kwa miaka kumi na mitano, na tatizo lote lilikuwa ni grisi chafu. Mimi nikaingiza katikati yao mgeni mwenye meno makali. Ndani ya wiki tatu akazitafuna zote. Mpiga picha alipanda ngazi na bahasha ya picha za harusi: bibi harusi nusu uso, bwana harusi hana kichwa, keki iko giza. Karakana ilikuwa na wateja watano. Baba aliifungua kamera mbele yao, akainua ile gia mpya kwa kibano.

"Nani kakwambia ile nyingine ilikuwa mbovu?"

"Nilidhani imelika, Baba."

"Ulidhani. Ukucha unao?"

"Ninao."

"Hebu onyesha."

Nikainua mkono. Mwanamke wa miaka ishirini na minne, nimeinua mkono kama mtoto wa darasa la pili. Akawageukia wateja. "Ukucha anao," akawaambia. "Tatizo mkono ni wa mbao."

Wakacheka. Wawili wao wapo hapa leo, mmoja amevaa tai ya kijani na hanitazami. Lile jina la Mkono wa Mbao lilinifuata hadi kwenye harusi yangu, na baba mdogo amenisalimia nalo juzi mbele ya mwanangu, akidhani anachangamsha msiba.

Tangu siku ile marehemu hakusema tena la heri wala la shari kuhusu kazi yangu. Nilikuwa namaliza kamera, naifunga, naweka tone, namsogelea nayo. Anaonyesha rafu ya juu kwa kidevu. "Weka pale," anasema. Basi. Kama ilikuwa kazi ya saa moja, weka pale. Kama ilikuwa ya wiki tatu, weka pale. Saa kumi na moja jioni nilikuwa naondoka kwenda kumsaidia mama, yeye anabaki mpaka saa kumi na mbili na nusu, na nilijua anabaki kufanya nini. Siku moja nilirudi kuchukua mwavuli. Nikiwa kwenye ngazi nikasikia shata inapigwa. Nikaingia, nikamkuta na kamera yangu mkononi, ile niliyoiweka pale mchana. Aliitua mezani haraka kama mtu aliyekamatwa anaiba. Mwavuli nikauchukua, nikashuka. Nikajua sasa kwa hakika kwamba anafungua kazi zangu zote, moja baada ya nyingine, na kuzirekebisha mimi nikiwa sipo. Miaka kumi na miwili nilitengeneza kamera nikiamini kila ninachokifunga kinafunguliwa.

Tuje kwenye ndoa. Marehemu alifunga ndoa na mama yetu tarehe 8 Desemba 1973. Mama alikuwa mpaka rangi wa picha kwenye ileile studio, enzi za picha nyeusi na nyeupe, akiwatia watu midomo myekundu na mashavu kwa brashi nyembamba. Aliacha kazi mwaka uliofuata kwa sababu mumewe alisema harufu ya rangi zake inaingia kwenye kamera. Programu inasema "waliishi kwa upendo miaka thelathini na mitano." Miaka ni kweli.

Picha ya mama mnayoiona ukurasa wa pili imekatwa chini, na nitawaambia kwa nini. Marehemu hakuwahi kumpiga mama picha ya kumpiga picha. Alimtumia kujaribia kamera. Anamkalisha kando ya dirisha, anampa kikadi chenye namba ya kasi ya shata, anapiga, anabadilisha kikadi, anapiga tena. Tuna picha zaidi ya mia mbili za mama na katika zote ameshika namba kifuani. Thelathini. Sitini. Mia na ishirini na tano. Mwanangu alipokuwa mdogo aliwahi kuniuliza bibi alifungwa kwa kosa gani. Mama alikaa dirishani anavyoambiwa, akanyamaza anavyoambiwa, mwaka hadi mwaka, na watu wakasema ndoa ile ilikuwa laini. Ilikuwa laini kwa sababu mmoja alilika. Alifariki tarehe 21 Juni 2009, na marehemu alifungua karakana siku ya tatu.

Baada ya hapo sikuwa na wa kumwahi jioni, lakini niliendelea kuondoka saa kumi na moja, kwa sababu sikutaka kuona akifungua kazi zangu.

Mwishoni mwa mwaka 2010, yule mwandishi wa gazeti alileta kamera iliyotumbukia mtoni. Baba aliitikisa sikioni mara moja, akasema, "Kaizike." Mwandishi akaiacha kwenye meza akaondoka. Nikaichukua. Wiki tisa niliifanya, baada ya kazi nyingine zote. Nilitoa kila chuma, nikakisafisha kwa benzini, nikakipitishia ukucha. Nilibadilisha springi moja tu. Gia zote nilizirudisha zilezile, kila moja kwa jirani yake wa zamani. Tarehe 3 Machi 2011, Alhamisi, nilifunga kifuniko, nikaweka matone mawili, nikampelekea. Akabonyeza kitufe mara moja.

"Weka pale."

"Baba, leo nauliza. Ni nzuri au ni mbaya?"

"Kwani umesikia nimesema nini?"

"Umesema weka pale."

"Basi weka pale."

Nikaweka. Nikavua aproni, nikaitundika, nikashuka ngazi zote kumi na tisa. Hakuniita. Hakuniita siku ile wala mwaka ule wala mingine kumi na miwili iliyofuata. Mimi siku hizi natengeneza hadubini za maabara, na ninaposema kazi imekamilika watu wananishukuru. Nilichukua muda kuzoea.

Ugonjwa. Kuanzia mwaka 2016 sikio la marehemu lilianza kufa, kwanza la kushoto kisha la kulia, na alilificha kwa ukali, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Mwaka jana madaktari walisema moyo wake umetanuka. Tarehe 12 Oktoba mwaka huu alianguka kwenye ngazi ya kumi na moja, na muuza viatu wa chini ndiye aliyempeleka hospitali na ndiye aliyenipigia simu. Nilikwenda kumwona mara mbili. Mara ya kwanza alilalamika kwamba kitanda kina skrubu iliyolegea upande wa miguu, na kweli ilikuwepo. Mara ya pili, Jumamosi tarehe 4 Novemba, nilimpelekea chai kwenye chupa. Alinitazama kwa muda mrefu, mpaka nikajiandaa kusikia neno. Kisha akaonyesha kimeza kwa kidevu. "Weka pale," akasema. Alifumba macho kesho yake, Jumapili, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Programu inaishia hapo. Mimi bado.

Juzi Alhamisi baba mdogo alinituma karakana nikatafute kamera nzuri ya kuweka juu ya jeneza, ipendeze. Sikuwa nimepanda zile ngazi tangu nilipovua aproni. Aproni yangu bado imetundikwa. Kichupa cha skrubu kipo. Na kwenye rafu ya juu kulikuwa na kamera kumi na moja zimepangwa mstari, na zote nilizitambua. Ni kazi zangu, za kati ya mwaka 1999 na 2011, ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua kwa sababu walihamia kwenye simu wakazisahau. Ya mwisho mkono wa kulia ilikuwa ile ya mtoni, ambayo mwenyewe alihamishwa kikazi akapotelea hukohuko.

Nikashusha moja nikijua nitakachokuta. Miaka zaidi ya kumi kwenye rafu, grisi itakuwa jiwe. Nikavuta wenzo. Ukateleza. Nikabonyeza. Shata ikafunguka safi, mlio mmoja, bila kikohozi. Nikashusha ya pili. Vilevile. Ya tatu, ya nne, mpaka kumi na moja, hakuna hata moja iliyoganda. Nilipotazama vizuri nikaona kwamba kwenye wenzo, pale kidole gumba kinapokaa, rangi ya fedha imekwisha na shaba imetokeza. Vitufe vimekuwa laini kama kokoto. Mimi sikuziacha hivyo. Kamera haiwi hivyo kwa kukaa, inakuwa hivyo kwa kubonyezwa maelfu ya mara.

Basi, nikasema, alizifungua akazitengeneza upya, sasa anazifurahia. Nikazigeuza chini juu, moja moja, kutafuta tone jeusi. Sikulikuta. Nilikuta matone ya zambarau ishirini na mawili, ya mama, mazima, hakuna hata moja lililopasuka. Hakuwahi kufungua hata moja.

Nikashuka na ile kamera ya mtoni mkononi. Muuza viatu alikuwa mlangoni kwake.

"Dada, pole sana," akasema. "Sasa huko juu nani atakuwa anapiga picha?"

"Picha zipi?"

"Si mzee. Kila jioni, we ukishapita tu hapa kwenda zako. Tak, tak, tak, hapo darini, saa nzima. Na ulivyoacha kazi ndo ikazidi. Nikawa namwambia mke wangu, huyu mzee ana wateja wa jioni."

"Hata alipokuwa hasikii?"

"Hata mwezi wa tisa huu. Alikuwa anapumzika mara tatu kwenye ngazi, lakini anapanda. Nikamuuliza siku moja, mzee, unamtafuta nani huko? Akaniambia, kuna vitu havitakiwi kuganda."

Najua mnachosubiri sasa. Mnasubiri niangue kilio, niseme Baba nimekusamehe, wimbo uanze. Sijamsamehe. Kabla ya Alhamisi nilikuwa na baba aliyeamini kazi yangu ni mbovu, na huyo nilishamzoea, nilishajikaza kisabuni nikaishi naye. Sasa nina baba aliyejua kwamba ni nzuri. Alilijua hilo kila jioni kwa miaka ishirini na minne, kwa kidole chake mwenyewe, na akanyamaza. Huyu ni mbaya zaidi. Namba yangu ya simu ilikuwa ukutani kwa mwandiko wa mama, hatua mbili kutoka rafu ile. Kidole kilichobonyeza vitufe mpaka shaba ikatoka kilishindwa kubonyeza tarakimu kumi. Alijua kuliko mtu yeyote kitu kinachotokea kwa kinachoachwa bila kuguswa, na akatuacha mimi na mama na mdogo wangu kabatini. Nina hasira naye leo kuliko siku niliyoshuka zile ngazi, na nampenda, na hivyo viwili havijapatana na sidhani kama vitapatana wiki hii.

Sasa ule mstari wa ukurasa wa tatu. Mwenye kalamu aufute. Marehemu aliacha fundi. Fundi huyo ana mikono miwili ya nyama na mifupa, alikosea gia moja mwaka 1999, na kazi zake kumi na moja ziko rafu ya juu kwa yeyote anayetaka kuzisikiliza. Baba mdogo, hilo jina la mbao nalizika hapa leo pamoja na kaka yako, na ukilifukua tutakosana mimi na wewe.

Na kamera iliyo juu ya jeneza ni ile ya mtoni. Ratiba inasema itashuka naye kaburini. Haishuki. Naichukua kabla ya kamba kushikwa, kwa sababu chini kule hakuna wa kuibonyeza, na kuanzia Jumatatu karakana itakuwa wazi kila jioni nikitoka maabara.

Marehemu ameacha watoto wawili, binti ambaye ni fundi wa kamera na mtoto wa kiume ambaye ni dereva wa malori, wajukuu watatu, mdogo wake wa kiume, mwenye umri wa miaka sabini na mitano kwa hesabu halali, dada mmoja, na muuza viatu aliyembeba mgongoni kutoka ngazi ya kumi na moja, ambaye programu imemsahau.

Apumzike. Na akimkuta mama huko aliko, ampige picha moja bila kikadi.

Vijana wa kamba, tuko tayari. Mwekeni pale.